Jumamosi Tunafunga Msiba wa Mtu Aliye Hai

Admin, jina langu libaki kwako, na nikiwa nimekosea mahali usinirekebishe sana.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na tatu, naishi kata ya Kasulo, wilaya ya Ngara, na bibi mzaa mama aliyenilea tangu nikiwa mchanga. Tunalima mahindi, maharage na migomba. Kidato cha sita nilimaliza, matokeo hayakunibeba, ila Kiingereza kilibaki kichwani. Hicho Kiingereza ndicho kimenifikisha kwenye balaa hili.

Mwaka huu walikuja wanafunzi wa chuo kikuu kutoka Ulaya, wako kwenye likizo yao ndefu. Asubuhi walipaka rangi madarasa ya shule ya msingi, wakajipaka mpaka masikioni. Mchana walizunguka kwa wazee kurekodi habari za watu waliokimbia vita Burundi, mimi nikiwa mkalimani wao. Mmoja, msichana wa rika langu, alifikia nyumbani kwetu. Bibi akampa jina, Keza. Akajifunza kuchambua maharage, na shikamoo alikuwa anampa Bibi kila wakipishana mlangoni, na Bibi anaitika marahaba kila mara kwa raha zote. Nisiseme uongo, nilimpenda yule dada.

Bibi akamsimulia habari ambayo mimi nimekua nayo. Walipokimbia vita Burundi, Bibi alikuwa na mdogo wake wa kike, wamebaki wawili tu kwao. Kufika mtoni watu wakasukumana, mkono wa mdogo wake ukamponyoka, hakumwona tena. Akifika hapo Bibi hujifunika kitenge usoni. Keza alilia. Akaomba ruhusa sauti ile aliyoirekodi awatumie wenzake wa chuo waliokuwa kwenye mradi kama huo upande wa Burundi, huenda akapatikana anayejua chochote. Bibi akakubali, akasema, "Mwana wanje, mwanangu, hata kama ni kaburi, nionyesheni tu."

Likizo yao ikaisha. Tukawachinjia jogoo, wakatuachia fulana, wakaenda. Tukangoja habari wee, kimya. Mwishowe Bibi akaita ndugu, akasema, "Nimezeeka, presha inanisumbua, sitaki kufa na msiba huu ukiwa wazi. Tuganduke." Kuganduka kwetu ni kufunga msiba. Inasomwa misa, pombe ya ndizi inanywewa, marehemu anaagwa, na baada ya hapo haliliwi tena. Tarehe ikapangwa, Jumamosi hii inayokuja. Tangu siku hiyo Bibi anakula, analala, hata utani wake umerudi. Juzi kaniambia nikiendelea kuchagua wachumba nitaolewa na jembe.

Sasa Jumatatu Keza akanitumia ujumbe wa sauti. Ni mwanamke mzee, anaongea Kirundi. Nilishtuka kabla hata ya kuelewa, maana sauti ni ya Bibi kabisa. Akamtaja baba yao, akataja na kovu la jembe lililo kwenye paji la uso la Bibi. Kisha akasema hivi: "Hakuna mkono ulioponyoka. Niliumia mguu, akaniketisha kwenye migomba ya watu, akasema ngoja hapa nakuja sasa hivi. Nikangoja mpaka watu wote wakaisha njiani. Mwambieni nilikufa. Anililie, amalize."

Chini yake Keza kaandika kwamba yule mama mwenyewe hataki ajulikane alipo, na masharti ya chuo hayamruhusu kusema zaidi. "Samahani sana. Wewe ndiye unayemjua Bibi, utaamua."

Niamue mimi! Nilikasirika jamani, nikatamani kuitupa simu chooni. Wao wanarudi kwao na ripoti, sisi tunabaki na ndugu. Nimemwandikia, anajibu pole tu. Na simlaumu sana, maana hata mimi ningekuwa yeye ningesema nini?

Kwetu kumfungulia pombe ya msiba mtu aliye hai ni kumfukia mzima. Laana yake inarudi ndani ya nyumba, wazee wanasema hivyo na mimi naogopa, kwenda kwangu kanisani hakunisaidii kitu. Nikajaribu kwa mama mkubwa, binti wa kwanza wa Bibi. Nikamwambia, "Mama mkubwa, kwani tusingesubiri kidogo?" Akaniangalia kwa ukali. "Tusubiri nini? Unataka mama afe na huo msiba kifuani?"

Nikimsikilizisha Bibi ile sauti, atajua yupo hai, lakini atajua pia kwamba mimi najua alichokifanya pale njiani. Ataniangaliaje tena? Presha yake yenyewe ndiyo hiyo. Na mimi simhukumu, sikuwepo, sijui alikuwa anakimbizwa na nini. Ila nikimtazama anapokula uji wake najisikia nimemwibia kitu.

Ndizi zimeshafukiwa shimoni ziive, Ijumaa zinakamuliwa. Ndugu wanaokuja kutoka Nemba wameshaaga kwao. Na jana Bibi kaniita, kanikalisha karibu, akasema atakayesimama mbele ya watu kumuaga marehemu ni mimi. Kwa sababu mimi ndiye niliyepewa jina la mdogo wake. Nisimame niseme, "Nenda kwa amani, tumekuachilia." Nikaitikia, "Sawa, Bibi."

Ndugu zangu, nyie mliokula chumvi nyingi kuliko mimi, nipeni neno. Msinitukanie Bibi yangu, naomba. Niambieni tu, Jumamosi nisimame au nisisimame?