Gauni la Kijivu

Mama Pindo alishona nguo za watu kwa miaka arobaini na mitatu, na jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu pindo la sketi aliyoishona yeye halikufumuka hata sketi yenyewe ilipogeuka kuwa kitambaa cha kufutia vyombo. Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa maneno, na macho yake yaliona uzi uliolegea toka ng'ambo ya barabara. Tangu mumewe afariki aliishi peke yake kwenye nyumba ya vyumba viwili: kimoja cha kulala, kingine cha cherehani.

Siku moja akaanguka. Hakukuwa na utelezi wala ngazi. Aligeuka tu, mchana kweupe, achukue mkasi, na miguu ikakataa kugeuka naye. Hakuvunjika popote, lakini alishindwa kuinuka. Akakaa pale chini saa mbili nzima, akiangalia uvungu wa cherehani yake na kujionea aibu jinsi ulivyokuwa mchafu, mpaka jirani aliyekuja kuchukua suruali akamsikia.

Binti yake, msimamizi wa ghala katika mji mwingine, alifika kesho yake akiwa ameshaamua.

"Mama, unakuja kukaa kwangu."

"Nikae kwako nifanye nini? Niangalie televisheni?"

"Upumzike."

"Nani kakwambia nimechoka?"

Walibishana mpaka chai ikapoa. Aliyewapatanisha ni daktari wa kliniki. Alisema kuna mazoezi ya wazee kwa njia ya mtandao, ya kuipa miguu nguvu ili mtu asianguke ovyo: wiki kumi na mbili, mara tatu kwa wiki, kila mzee nyumbani kwake mbele ya kamera, mwalimu mmoja akiwaona wote. Siku ya mwisho kuna kipimo. Unasimama kwa mguu mmoja sekunde kumi bila kushika kitu.

"Basi tukubaliane," binti akasema. "Nitakuja siku hiyo. Ukifika kumi, unabaki hapa na cherehani yako. Usipofika, tunafunga virago."

Mama Pindo alikubali palepale. Sekunde kumi ni nini kwa mtu aliyekanyaga cherehani miaka arobaini na mitatu?

Siku ya kwanza alisimama sekunde mbili.

Na walimwona wote. Kwenye kioo cha tableti aliyoachiwa na bintiye kulikuwa na wazee wanane, kila mmoja kwenye kidirisha chake, na yeye peke yake ndiye aliyeyumba mpaka akatoka pichani. Mwalimu, mwanamke kijana mwenye subira isiyo na mwisho, hakucheka. "Kushika si kosa, bibi," alimwambia. "Weka kiti kizito karibu, shika, ila uniambie unashika. Nikijua, najua nikupe zoezi gani." Maneno mazuri kabisa. Tatizo ni kwamba Mama Pindo hakuwa mtu wa kumwambia mtu yeyote kwamba anashika.

Ufundi ulikuwa umemfundisha kwamba kasoro usiyoweza kuiondoa unaifunika kwa rinda, kwa mfuko, kwa kifungo kisicho na kazi. Basi akafungua sanduku la vitambaa, akakuta jora la kijivu lililobaki kwenye kazi ya sare. Kipande kimoja akakitandika juu ya meza yake ya kukatia. Kipande kingine akakishonea gauni lenye mikono mipana iliyofika mpaka kwenye vidole. Akachora mstari wa chaki sakafuni, mahali ambapo miguu yake ilionekana vizuri huku mkono wa kushoto ukiangukia kwenye ukingo wa meza. Kwenye kidirisha kile kidogo, nani angejua mkono wa gauni unaishia wapi na meza inaanzia wapi? Kusema kweli lilikuwa shono la akili sana, na angetumia nusu ya akili hiyo kwenye mazoezi angepona mapema.

Wiki ya tatu alisimama sekunde kumi na tano. Mwalimu akampigia makofi. Akalisifia na gauni.

Mzee wa kidirisha cha jirani alikuwa dereva wa basi mstaafu, mcheshi, mwenye miguu iliyochoshwa na klachi. Akampigia simu baada ya kipindi.

"Fundi, unakula nini wewe? Mimi sekunde nne nahema kama nimesukuma basi."

Mama Pindo alijizuia wiki nzima. Lakini sifa ni tamu, na siri ya ufundi inawasha kama haijaonwa na mtu. Akamweleza yote, hata yale makubaliano na binti yake. Dereva alicheka mpaka akakohoa, kisha akatoa vipimo vyake vya kifua na mabega. Baada ya siku tano akapokea kifurushi: shati la kijivu la mikono mipana, na kitambaa cha meza cha kufanana nalo.

Mwalimu alifurahi kuona wawili wake wamekuwa imara. Wiki ya kumi na mbili, kipindi cha mwisho kabla ya kipimo, akawapandisha kwenye zoezi gumu zaidi: mguu mmoja, huku unageuza kichwa kushoto na kulia. Meza ya Mama Pindo ilikuwa ya mbao, watu wawili hawaibebi. Ya Dereva ilikuwa ya plastiki. Alipogeuza kichwa akaiegemea, na meza ikaondoka naye. Wote wakaona kidirisha kitupu na kusikia kishindo. Kisha wakamsikia mwanawe akikimbia kutoka chumba cha pili.

Alivunjika kifundo cha mkono. Mama Pindo alimpigia jioni ileile.

"Wamenifunga plasta, fundi. Usijali. Na sijasema kitu."

"Kwa nini hukusema?"

"Nikisema si utahamishwa? Mimi nina mwanangu hapa ndani. Wewe una hiyo cherehani."

Angemtukana ingekuwa afadhali. Siku mbili zile Mama Pindo hakushona chochote.

Siku ya kipimo binti alifika asubuhi na mabegi mawili matupu, akayaweka mlangoni, akakaa kwenye kigoda nje ya kamera. Mama Pindo alikuwa ndani ya gauni lake la kijivu, miguu kwenye mstari wa chaki. Vidirisha vikafunguka. Vilikuwa saba.

Mwalimu alikuwa na macho mekundu. "Kabla hatujaanza," alisema, "nataka mjue kwamba mzee wetu hakufanya kosa. Nilimpandisha kabla ya wakati. Nimeshaandika ripoti ofisini kwamba kosa ni langu." Akafungua daftari lake. "Haya bibi, tuanze na wewe. Mguu mmoja."

Mkono wa Mama Pindo ulikuwa umeshafika mezani wenyewe, kwa mazoea. Sekunde kumi zilikuwa pale, za bure. Angezihesabu huku anawaza kitu kingine, binti angebeba mabegi yake matupu, na jioni cherehani ingelia kama kawaida.

Akashika kitambaa cha meza, akakivuta chote. Mkasi ukadondoka sakafuni.

"Mwalimu, hii ni meza," alisema. "Nimeishika toka wiki ya kwanza. Na shati la dereva nimelishona mimi, nikamfundisha na namna ya kushika. Ripoti yako ifute."

Binti aliinuka kwenye kigoda, akakaa tena.

"Sasa nihesabie," Mama Pindo akasema. "Nataka kujua nina ngapi zangu."

Mwalimu alijifuta uso kwa kiganja. "Shika kwanza, bibi. Vuta pumzi. Achia polepole." Akahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Kwenye tano mguu ulishuka.

Kipindi kilipoisha binti akafunga tableti. "Ungenyamaza, ningeondoka hapa nina furaha."

"Najua."

"Halafu siku moja ningepigiwa simu."

"Hilo nalo najua." Mama Pindo alikaa kwenye kiti cha cherehani na kuipapasa meza yake. "Wiki zote hizi nilikuwa napiga bandi tu, mwanangu. Ule mshono wa muda, wa kujaribia nguo. Ukiuvuta, unatoka wote. Lete hayo mabegi, tulikubaliana. Ila nipe wiki kumi na mbili nyingine, huko kwako, unihesabie wewe. Nikifika kumi nakuja kufungua mlango wangu. Funguo nakaa nazo mimi."

Binti akayafuata mabegi mlangoni. "Na cherehani?"

"Ulifikiri utaiacha?"

Binti akacheka, akapiga simu kutafuta gari, kisha wakaanza kufunga. Vitu havikuwa vingi. Alipofika kwenye gauni la kijivu, lililokuwa limetupwa juu ya kitanda, akaliinua kwa vidole viwili.

"Na hili nalifanya nini?"

"Weka juu kabisa, nitalifumua leo leo," Mama Pindo akasema. "Dereva ana plasta, mikono ya mashati yake haipiti. Linatoa mashati mawili, ya mikono mifupi."