Kupita kwa Jirani

Siku yangu ya kwanza kazini, katika chuo kimoja cha ualimu upande wa Misungwi, Mkuu wa Idara ya Muziki aliniketisha mbele ya kinanda na kuniuliza, "Binti, do iko wapi?"

Nikagusa kibonye nilichofundishwa shuleni.

"Hapo alilala jana," akasema. "Leo kahamia kwingine."

Ndivyo nilivyoelewa kwamba do si kibonye bali ni makao. Skeli, yaani sauti saba zilizopangwa kama ngazi, huweza kuanzia popote, mradi nafasi kati ya sauti na sauti itunzwe. Ukitumia sauti zilezile lakini wimbo ukatulia kwenye re badala ya do, umeingia modi nyingine, nao wimbo hupata majonzi yasiyolia. "Watu ni walewale," Mkuu alizoea kusema, "mwenye nyumba ndiye amebadilika."

Sauti tatu zikipigwa pamoja tuliziita kodi, neno lililowachekesha wanachuo kila mwaka. "Si ya pango," angewaambia bila kutabasamu. "Hii hudaiwa na masikio." Kisha angeeleza mfuatano wake: kodi ya kwanza, do-mi-so, ni nyumbani, ya nne, fa-la-do, ni matembezi, ya tano, so-ti-re, ni mlango wa kurudi, kwa kuwa ti iliyomo huitamani do. Alipofunga kipindi alipiga ya tano, akatusubirisha, halafu badala ya kwenda nyumbani akaangukia ya sita, la-do-mi.

"Mlidhani tumefika? Kwanza tupite kwa jirani."

Ndipo alipoturudisha nyumbani.

Baadaye nilihamishiwa Mwanza mjini, chini ya Mkuu wa Shule aliyeuona muziki kuwa ni kelele zenye ratiba. Huko nilifundisha hadi nilipostaafu. Sasa ninaishi Mabatini, nami hunoa sauti za kwaya ya mtaani.

Mwaka huu binti wa Mkuu wangu yule wa kwanza alinipigia simu kutoka Sengerema. Kiharusi kilikuwa kimemnyima baba yake usemi.

"Dada, anatutazama tu," alisema. "Sijui kama bado yumo. Laiti ningeisikia sauti yake hata mara moja."

Nikavuka ziwa na kinanda changu kidogo.

"Shikamoo, Mwalimu."

Macho yalinigeukia, midomo haikusogea. Nikapiga ya kwanza, ya nne, ya tano, nikaziacha sauti zikining'inia.

"Mwache, dada, asichoke," binti akanong'ona.

Mkono wangu ulikuwa umekwisha kuelekea nyumbani nilipoisikia besi hafifu ikitoka kifuani mwake. Haikuwa do. Ilikuwa la. Nikauhamisha mkono haraka, nikaipokea kwa kodi ya sita.

Binti alishika ukingo wa kitanda. "Amekosea?" akauliza, machozi yakimtoka.

"Hapana, mdogo wangu. Ametupitisha kwa jirani."

Vijana wa kwaya huniuliza kwa nini nikipiga mimi ya tano hairudi moja kwa moja nyumbani, kama kanuni inavyotaka. Ninawafundisha kanuni hiyo kwa ukamilifu. Lakini siku ile, Mwalimu aliponitazama akisubiri nimalizie, sikufanya haraka. Niliirudia kodi ya sita taratibu, tena na tena, naye akaendelea kuiimba la yake, huku binti yake amevuta kigoda, anasikiliza.