Wivu Ulinichagulia Clutch ya Jirani, Bibi Yangu Akarudi Nyumbani kwa Gari Yake

Wakuu, sasa.

Nimeona mtu hapa anauliza clutch gani inafaa gari iliyowekwa injini kubwa. Kabla hamjamjibu, wacha nieleze yaliyonipata hapa Machakos. Yote ni ukweli, hata pale nitaonekana mjinga.

Niko na DX, ile Toyota Corolla ya zamani. Niliitoa injini yake nikaweka ya turbo. Clutch nikaacha ile ile ya zamani.

Basi nikipanda mlima wa Mutituni nakanyaga mafuta, injini inalia kama trela, lakini gari haisongi. Clutch inateleza. Ndani kunanuka kuungua mpaka abiria anafungua dirisha bila kuambiwa.

Sasa kuna Musyoka. Jirani yangu, dalali wa mashamba. DX kama yangu, injini kama yangu. Mimi ndio nilianza, yeye akaiga, hiyo andikeni.

Lakini yake ilipanda Mutituni kama mbuzi kwa mwamba!

Jumapili baada ya kanisa wazee kwa vijana wanazunguka gari yake, bonnet iko wazi. Yangu imesimama kando kama mkokoteni. Hata Mwende, bibi yangu, siku moja akiosha vyombo akasema, "Lakini ya Musyoka inapanda, ai."

Hiyo "ai" ilinikaa kwa koo kama mfupa wa samaki.

Nikasikia Musyoka ameweka clutch ya racing. Nikaenda kwa Hassan, muuza spea hapa mjini. Akaniwekea mbili kwa kaunta. Moja plate yake imezungukwa na lining ya kawaida kama ya brake, lakini pressure plate, ile inayoikandamiza, ina springi ngumu kuliko ile ya kiwanda. Ingine haina lining, ina vipande vya chuma kama vidole.

"Hii ya vidole inashika ghafla, ni ya mashindano," Hassan akasema. "Hii ya lining inatosha injini yako. Gari inaendeshwa na nani?"

"Mimi. Na bibi yangu."

"Basi chukua ya lining."

"Musyoka alichukua gani?"

"Ya vidole, lakini..."

"Nipe ya vidole."

Sikungoja hiyo lakini.

Wakuu, hiyo pedali ilikuwa kama kusukuma ukuta. Ukiachilia kidogo, gari inaruka kama punda amechapwa. Kwa jam ya soko ilinizimikia mpaka wauza ndizi wakanijua kwa jina. Lakini mlima ilipanda! Nikawa napita kwa geti ya Musyoka nikipiga honi bila sababu.

Kisha Mwende akampeleka mama yangu kliniki ya macho Nairobi.

Jioni nikiwa kwa geti nawangoja, naona DX inakuja. Si yangu. Ni ya Musyoka. Mwende amekaa mbele anacheka, mama yuko nyuma anatafuna mahindi choma.

Nilihisi moto kwa masikio.

"Asante sana, Baba Ndinda," Mwende akamwambia Musyoka akishuka. Kwa sauti tamu, ile mimi nilisikia mara ya mwisho tukichumbiana.

Nikamuuliza, "Kwa nini Musyoka?"

"Ulitaka nani?" akanigeukia. "Gari yako imezimika hapo Kyumbi katikati ya barabara. Malori yanapiga honi, mwaitu, mama yako, analia akisali, goti langu linatetemeka kwa hiyo pedali. Baba Ndinda alikuwa anapita, akaisukuma mpaka petrol station, tukaiacha hapo. Wewe uliniwekea clutch ama adhabu?"

Mama akashuka na mahindi yake. Aliniangalia tu na lile jicho moja halijafungwa bandeji.

Musyoka naye akatoa kichwa dirishani. "Jirani, ile ya vidole mimi nilitoa kitambo. Bibi yangu, Mama Ndinda, alikataa kuipanda. Niliweka ya lining. Nilitaka kukuambia, lakini wewe ulikuwa unapita ukipiga honi tu."

Heri angenitukana. Kumbe nilikuwa naonea wivu kitu mwenyewe alishatupa!

Nilirudi kwa Hassan. Hakucheka, na hiyo iliniuma zaidi. Nikachukua ya lining. Fundi akapeleka flywheel, lile gurudumu la chuma clutch inashika, kwa mashine ya lathe kwanza ikasawazishwa, usisahau hiyo, clutch mpya kwa flywheel yenye makovu itatetemeka. Halafu endesha polepole mwanzoni mpaka lining izoee.

Ilipozoea, Mwende akasema anaijaribu yeye. Mutituni, mbele yetu nani? Musyoka. Mwende akashusha gia, clutch ikashika laini kama siagi, tukampita. Mimi kiti cha abiria, nimeshika mlango kwa mikono miwili.

Funzo langu: pima nguvu ya injini yako, na ukumbuke miguu yote itakayokanyaga hiyo pedali. Usinunue kwa macho ya jirani.

Wivu haujaisha lakini. Umehama tu. Siku hizi kanisani watu wanazunguka DX yangu wakiuliza, "Mwende, hii gari yako uliifanya nini?" Mimi niko kando nimebeba Biblia yake.

Nyinyi mnatumia clutch gani? Na kuna mwenye amewahi kuonea bibi yake wivu kwa gari yake mwenyewe? Semeni, nitasoma.

Wacha nitoke hapa cyber. Niko na funguo ya nyumba tu, ya gari iko na mwenyewe, na anapiga honi huko nje.