Goti la Bibi na Majivu ya Jirani

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tano tulihamishiwa kijiji cha ujamaa karibu na Kimamba, na Bibi akapangiwa jirani asiyemchagua. Zamani kila ukoo ulikaa shambani kwake. Sasa mlango wa Mama Tausi, mjane aliyetoka kambi za mkonge, ulitazamana na wetu.

Asubuhi moja Bibi aliruka mstari wa majivu uliokatiza njia mbele ya mlango huo. Jioni goti la kulia likavimba.

"Nimetegwa," akasema.

Sote tuliamini. Goti lile lilimsumbua tangu masika iliyopita, ila hakuna aliyetaka kulikumbuka hilo.

Hakutoka tena nje ya ua. Baba akaniachisha shule nimwinue na kumpeleka chooni, "mpaka atakapotembea."

Tabibu wa zahanati alikuja, akalikunja goti, likalia kama mlango mkavu. "Limechakaa, bibi. Kupasuliwa hapana, na kupona kabisa sikuahidi. Likande kwa maji moto. Kalia kiti, acha kigoda. Nyoosha mguu, uinue, ushushe. Fimbo ishike kwa mkono wa kushoto. Na utembee kila siku, kidogo kidogo. Ukikaa tu, litaganda."

"Nitembee wapi? Njia ni moja." Alipoondoka, Bibi akaninong'oneza, "Huyu naye nimemwona akinywa chai kwa yule mwanamke."

Nikaenda kuuliza mwenyewe. "Shikamoo, mama. Haya majivu ni ya nini?"

"Marahaba. Ya siafu, mwanangu. Wamenimalizia vifaranga."

Nikampelekea Bibi jibu. Akacheka kwa pua. "Na hao siafu kawaleta nani?"

Nilichungulia uani kwa Mama Tausi, nisione hata siafu mmoja. Shaka ikazidi.

Mwaka ukapita, na mwingine, goti likiwa gumu kama gogo. Mwishowe nikachukua jembe, nikalima njia nyingine nyuma ya jiko, katikati ya mahindi. Hiyo Bibi alikubali kuikanyaga. Mwanzoni alilia huku akiniegemea. Baadaye akafika hadi kisimani. Maumivu yakapungua, ingawa hayakuisha. Alisema tego limepoteza nyayo zake.

Sasa nimekua, na naona kwamba kilichomsaidia ni kutembea, na njia ile ya zamani ingefaa vilevile. Sijamwambia. Wala mimi, hadi leo, sijathubutu kuonja chakula cha Mama Tausi.

Nakumbuka asubuhi Bibi aliponiambia, "Niachie mkono, naweza." Nikauachia, akaenda zake. Nilibaki nimesimama, sina pa kwenda. Wenzangu walikuwa wamekwisha kufanya mtihani wa darasa la saba.