Nifutie Sura

Mpiga picha mwenyewe ni Mjapani, mzee sasa, na nilimchagua kwa uvivu tu: video yake ilikuwa fupi. Mwalimu wetu wa sanaa alitaka kila msichana asimame mbele ya darasa aeleze maisha na kazi za msanii mmoja, kisha alete picha aliyoipiga mwenyewe kwa mtindo wa msanii huyo. Kusimama mbele ya watu kwangu mie ni adhabu. Basi nilitazama dakika za video, sio sifa za mtu.

Kumbe ni mtu wa kukukosesha raha. Alilelewa na mama yake peke yake, mama wa zamu za usiku kiwandani, kwa hiyo utotoni alimwona zaidi akiwa amelala kuliko akiwa macho. Picha yake ya kwanza ilikuwa hiyo, mama amelala. Alipokua akahamia kwa watu asiowajua: wanaosinzia kwenye treni, kwenye mabenchi ya hospitali, vichwa vimeanguka, midomo wazi. Hakumwomba mtu ruhusa. Alishikilia kwamba aliyelala ndiye pekee asiyejitengeneza. Wako waliomwita bingwa, na wako waliomwita mwizi. Halafu siku moja kwenye maonyesho yake mwanamke akasimama mbele ya picha aliyopigwa yeye, akawaambia watu kwamba hakuwa amelala. Alimwona mpiga picha na kamera yake, akaona haya, akafumba macho kungoja aondoke. Watu wakataka picha ishushwe. Mjapani akakataa, na mpaka leo anaihesabu picha hiyo kuwa bora kuliko zote alizopiga.

Hapo niliirudisha video mara nyingi. Kwenye basi la shule na mie hufumba macho vivyo hivyo, nikiona mtu anataka kuzungumza nami. Ilinipasa niwe upande wa yule mwanamke. Lakini nasema kweli, picha za yule mzee nilizipenda.

Bibi yangu, mzaa mama, alizaliwa Unguja akaja Maskati mtu mzima, na nyumba nzima haina picha yake ila ile ya kitambulisho. Simu ikitolewa tu, yeye keshavuta kanga usoni. "Mwanipigia nini mie, nna harusi?" Tukicheka naye anacheka, ila kanga haishuki.

Mwezi huo alikuwa mgonjwa wa kitandani. Siku moja baada ya adhuhuri, nyumba yote imelala, mama hajarudi kutoka kazini kwake, mtaa wa Qurum, nilipita mlangoni kwake nikamwona. Kanga ilikuwa imeteleza. Uso mzima uko wazi, mwanga wa pazia umemlalia shavuni. Nilisogea nikapiga moja. Simu ikalia kile kilio chake cha kupiga picha, maana nilisahau kuzima sauti.

Bibi hakufumbua macho. Akasema taratibu, "Nifutie sura."

Hapa lazima nieleze, maana nyumbani kwetu maneno yanaingiliana. Sura kwa Kiswahili ni uso. Kwa Kiarabu ni picha, na sisi watoto kutwa "nitumie sura, nitumie sura". Bibi akitumia maana zote mbili. Uso wake aliuita sura, na aliporudi kutoka hospitali alisema wamempiga sura ya kifua.

Mie nikakimbilia maana iliyonifaa. Nikaenda bafuni, nikarowesha kitambaa kwa maji ya vuguvugu, nikamfuta paji, mashavu, kidevu. Aliniachia. Mwisho akasema, "Basi, mama. Yatosha." Macho hakuyafumbua.

Siku ya nne akafariki.

Darasani nilieleza habari za Mjapani huku natazama sakafu. Mwalimu akauliza picha yangu iko wapi. Nikasema sina.

Dada anayetufanyia kazi ni mtu wa Tanga, na ndiye wa kwanza niliyemwambia. Alikuwa anamenya vitunguu thomu jikoni.

"Sura si uso? Ulitaka umfute nini, ukuta?"

"Na kama alisikia simu?"

"Mgonjwa yule asikie simu wapi?"

"Na kama alikuwa macho, dada?"

Kisu kikasimama. "Hayo usiniulize mimi. Muulize mama yako."

Nisingemuuliza. Lakini azaa, yale matanga ya bibi, ilipokwisha, wanawake wa mwisho wakaondoka na vikombe vya kahawa vikaoshwa, mama aliketi juu ya kitanda cha bibi akiwa na kile kitambulisho mkononi. Akasema, bila kunitazama, "Hii hata haifanani naye. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kumpata?"

Ningeweza kunyamaza, najua sana kunyamaza. Nikamwambia yote, simu, kitambaa, na yale maneno mawili.

"Aliyasemaje?"

"Nifutie sura."

"Kabla hujaleta kitambaa?"

"Kabla. Simu ililia, ndipo akasema."

Akanyoosha mkono nikampa simu. Aliitazama picha muda mrefu, akaikuza kwa vidole, akashuka kutoka usoni mpaka kifuani, kwenye mkono wa bibi. Mie mkono ule sikuwahi kuutazama. Vidole vilikuwa vimeikamata ncha ya kanga, vimekaza mpaka kucha zimebadilika rangi.

"Huyu hajalala," mama akasema. "Alikuwa anaivuta, nguvu hana."

Akanirudishia simu.

"Unaitaka, mama?"

"Naitaka. Sana." Akajifuta pua. "Ifute."

Nikaifuta mbele yake. Akaona nilivyobonyeza. Ila simu haifuti kitu mara moja, huweka pembeni siku thelathini kwanza, na mama analijua hilo kama nnavyolijua mie. Akainuka na kile kitambulisho, akatoka.

Simu yangu siku hizi naiacha mezani ukumbini, haina nambari ya siri. Mara mbili nimemkuta mama amesimama karibu yake, mikono nyuma. Leo zimebaki siku kumi na moja. Naingia mle kwenye zilizofutwa kutazama hesabu ya siku tu, na kidole gumba nakiweka juu ya uso wa bibi.