Shule ya Bunda iliyosifiwa na watu wasiowahi kuingia getini

Wakuu, heshima kwenu. Nitakayoyaandika hapa niliyaona mwenyewe. Pale nilipoambiwa tu, nitasema niliambiwa.

Mimi ni hakimu mstaafu, mkazi wa Kamunyonge, Musoma. Mjukuu wangu Nyangeta ana miaka tisa na ana usonji. Haongei.

Katika shule aliyokuwa akisoma hapa mjini, niliambiwa mwalimu alimpiga makofi kwa kosa la kutoitika jina lake lilipoitwa. Binti yangu, mama wa mtoto, alimwondoa siku hiyo hiyo. Tukaanza kutafuta shule mpya.

Hapo ndipo washauri walipojitokeza.

Grupu la familia lilijaa sifa za shule moja tu: ya binafsi, ya bweni, iko Bunda. Ina special unit, yaani kitengo cha watoto kama wetu, ina mtaalamu, watoto wasioongea wanaongea. Aliyeongoza sifa hizo ni dada yangu anayeishi Bugwema. Nikampigia.

"Umewahi kufika pale?"

"Sijafika, kaka, ila mwenyekiti wa kwaya yetu anaijua vizuri. Wewe nawe! Hata mvua ikikunyeshea utataka shahidi."

Nikampigia mwenyekiti wa kwaya. Naye hakuwahi kufika. Alisoma kibao chao akipita barabarani kwenda Mwanza.

Wakuu, huo ndio ulikuwa ushahidi wote! Kibao!

Nitoke kidogo nje ya mada. Mtoto anayeongea akiteswa bweni, likizo atasimulia. Huyu wetu asingesimulia kamwe. Na ukoo mzima ulikuwa tayari kumkabidhi kwa watu ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewaona.

Tulikwenda Bunda bila taarifa: mimi, binti yangu na Nyangeta. Mkuu wa shule alitupokea kwa soda na kutuahidi kwamba ndani ya muhula mmoja mtoto ataongea. Nikaomba kuliona darasa. Akaagiza soda nyingine. Nikaomba tena, safari hii nikiwa nimesimama.

"Darasa" lilikuwa chumba nyuma ya jiko, mlango umefungwa kwa nje kwa mpira wa baiskeli. Ndani mlikuwa na watoto mkekani. Hakuna kitabu. Hakuna mwalimu. Mmoja wao alikuwa amejikojolea, na kaptula ilikuwa imeshaanza kumkaukia mwilini.

Nilimuuliza matroni mwalimu wao yuko wapi.

"Mwalimu hatuna, babu. Hawa tunawakalishaga tu humu mpaka saa ya kula. Wakitoka wanasumbua wenzao."

Mkuu wa shule alikuwa nyuma yangu. "Mzee, ungetupigia simu kwanza tukajiandaa."

"Ndiyo maana sikupiga."

Binti yangu alilia njia nzima. Mimi nilikuwa na hasira, na bado ninayo. Nilipeleka malalamiko kwa afisa elimu. Hadi ninapoandika haya sijajibiwa.

Baada ya hapo tulikwenda Butiama, kwenye shule ya serikali ambayo hakuna aliyeisifu. Mwalimu wa elimu maalumu, dada wa makamo, hakumlazimisha Nyangeta kumsalimia. Alimuuliza mama yake mambo mawili: nini kinamtisha, na nini kinamtuliza.

Nikaomba kukaa darasani hadi watoto waruhusiwe.

"Karibu ukae, babu. Ila mjukuu wako akikwama usimsaidie."

Nilikaa dawati la nyuma. Niliona watoto ni wengi mno kwake. Niliona mmoja akimng'ata mkono, naye mwalimu akaunawa na kuendelea kufundisha. Mlango ulikuwa wazi muda wote.

Tulipoaga nilimuuliza kama mtoto ataongea.

"Hilo sijui, babu. Siwezi kukudanganya."

Katika safari yote hiyo, ni yeye pekee aliyekiri kwamba kuna jambo asilolijua. Tulimwandikisha pale pale. Binti yangu amehamia kwa ndugu zetu Butiama ili mtoto asilale bweni. Nyangeta bado haongei, lakini mama yake ananiambia kwamba asubuhi huvaa viatu mwenyewe na kumvuta kuelekea shuleni.

Funzo langu ni fupi: sifa ya shule ambayo msemaji hakuiona si sifa, ni kelele. Ingia darasani, ukae, uone.

Mwenye mtoto kama huyu hapa Mara, andika ulichokiona. Wa "nimesikia" apite kimya.

Na kama mwanao asiyeweza kujisemea yuko bweni sasa hivi, maoni yako yanaweza kusubiri. Nenda kwanza ukamwone.