Mtu wa Kibali ni Ejo

Aibu hii ningeificha, ila usingizi umenikataa, basi nawaachia mnicheke.

Mimi ni mstaafu kutoka Tanga, naishi Kimihurura hapa Kigali kwa kibali cha wastaafu. Kibali kilikuwa kinaisha Jumatano, nami niko kitandani na plasta hadi pajani baada ya kuteleza bafuni. Uhamiaji wakakubali kunitumia mtu nyumbani achukue alama za vidole.

Jumatatu akaingia bwana mmoja mpole mwenye mkoba. Nikajua ni yule mkandaji wa hospitali ninayemwogopa kuliko kifo. Alijitambulisha kwa sauti ya chini, sikumsikiliza, nikamfukuza.

Jumanne nikamuuliza Uwera, dada wa kazi, habari za mtu wa kibali.

"Mzee, ule mtu ya kibali ni ejo."

Ejo naijua. Ni kesho. Ndilo neno langu la kwanza la Kinyarwanda, na nalijivunia.

Jumatano nikavaa koti na tai, mguu juu ya stuli, nikangoja hadi saa kumi. Hakuja mtu. Nilikwishajiona nikivushwa mpakani kwa machela. Nikapiga simu Uhamiaji, nikafoka kuhusu uzembe wao.

Uwera akaninong'oneza, "Mzee, ejo ni kesho, na jana pia ni ejo."

Simuni yule bwana alikuwa bado mpole. "Mzee, nilikuja Jumatatu. Nilikushika kidole, ukaninyang'anya, ukasema mguu ndiyo mubovu."